Unene wa Njiti Mbili

Mtaa wa Hai Mauna, Juba

Wanjala,

Mtu mzima na ndevu zako, ile ngozi uliipimia wapi? Ulikuwa umefumba macho, ama ulikuwa unapiga domo na muuzaji? Nilikutuma ngozi ya mshipi ukaniletea kitu cha kufutia meza. Baba yako angekuwa hai angekutoa kibandani kwa sikio, kama alivyokutoa siku ile ulipokishonea kiatu cha kushoto soli ya kulia, na mwenye kiatu amesimama mguu mmoja anangoja.

Haya. Hilo limetoka kifuani, sasa naweza kukusalimu kama mama.

Hamjambo huko Kimilili? Mgongo wako unaendeleaje? Mkeo Nekesa amepona kikohozi chake, ama bado anajitibu na maji ya tangawizi na ubishi? Wajukuu wangu wanakula? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Mimi ni mzima. Magoti yanalia nikiinuka, lakini nikishakaa mbele ya meza yangu ya kazi yananyamaza. Jua la hapa ni kali mpaka gundi inakauka kabla hujaweka kopo chini. Lakini usianze kuniambia nirudi nyumbani. Nitarudi nikitaka, na sijataka.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe ni "sawa mama, ndiyo mama, nimesikia mama," kumbe unatazama mpira. Karatasi huwezi kuikata. Isome, ikunje, kesho yake uisome tena. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hivyo usijifanye mwalimu wa kutafuta makosa. Makosa ya barua hii hayaangushi suruali ya mtu. Makosa yako yalikaribia kuangusha ya mtu mzima mbele ya kanisa zima, na mtu mwenyewe ni mkwe wangu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Unajua Lado, mume wa dada yako Nasimiyu, ndiye anayepiga ngoma kubwa kanisani. Unajua pia bega lake la kulia halifai tangu alipoanguka na pikipiki. Kwa hivyo ngoma haibebi begani kama wenzake. Anaining'iniza mbele kwenye kulabu mbili zilizofungwa kiunoni, na uzito wote unakaa kwenye mshipi. Mwaka jana, sikukuu ya mavuno, alivaa mshipi wa kununua pale soko la Jebel. Unang'aa kama umepakwa mafuta. Walipofika karibu na Nyakuron, tunakomalizia maandamano kwa maombi, wanaimba, wanaruka, mshipi ukakatika paa! Ngoma ikabingirika mpaka mtaroni, na suruali ikaanza kuifuata. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Alipouokota ule mshipi, ndani ulikuwa karatasi ngumu, juu plastiki. Tangu siku hiyo Lado hakuigusa ngoma. Anakaa benchi la nyuma, anapiga makofi kama mgeni.

Mwaka huu Nasimiyu akaja kwangu na macho ya kuomba. "Mama, Lado anataka kurudi kwenye ngoma. Lakini anasema harudi bila mshipi wa mkono wako."

Wanjala, nilifurahi na nikaogopa papo hapo. Wewe unajua kwetu mkwe ni mkwe. Simshiki mkono, sili naye, silali nyumbani kwake. Ndiyo maana nikapanga chumba changu hapa kwa Akello, yule Mganda wa chapati, ingawa Lado ana vyumba vitatu. Miaka mitatu tunasalimiana mimi nikiwa huku, yeye getini kule. Sasa fikiria mshipi wa mama mkwe umwangushe mkwe suruali mbele ya watu. Ningepita njia gani tena hapa Mauna? Ningebeba kamba na sindano zangu nirudi Kimilili usiku huo huo, na nisingeuliza nauli.

Hata kumpima sikuweza. Akello akaona ajabu.

"Haboba," akaniambia, maana hapa bibi wote wanaitwa haboba, "mtu ya binti yako hiyo. Wewe iko na kamba, yeye iko na kiuno. Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba mimi nina heshima," nikamwambia. "Geuza chapati yako, inaungua."

Nasimiyu akampima mwenyewe kwa uzi, mezani, jamaa anakula. Nikamuuliza, ulimpima kabla ya asida, huu ugali wao, ama baada? Akacheka. Nikaongeza vidole viwili, si kwa sababu ya asida peke yake. Ngozi nene hula urefu ikizunguka kiuno. Uzi hauna unene, ngozi inao. Hilo baba yako alinifunza mwaka wa kwanza, na wewe ulikuwa unalilia titi.

Ngozi ya hapa hainifai. Inauzwa mbichi, ama imekaushwa juani ikawa kama bati. Ndiyo nikakupigia wewe, uliye karibu na watu wanaoipika ngozi na dawa mpaka ikaiva. Nikakwambia maneno mafupi ili yasikuchanganye: Wanjala, unene wa njiti mbili za kiberiti. Laza njiti mbili, moja juu ya nyingine, weka kando ya ngozi. Zikilingana, nunua. Ukasema sawa mama.

Furushi lilifika Jumatano na dereva wa lori la vitunguu. Nikalifungua kwenye baraza. Nikatoa kiberiti changu, nikalaza njiti mbili, nikapima. Zililingana! Nilikusifu, Wanjala. Nilikusifu kwa sauti, Akello ni shahidi. Nikasema huyu mtoto ana akili ya baba yake. Nikalirudisha neno hilo kesho yake asubuhi.

Maana unajua mshipi wangu hautoki bila kujaribiwa. Nikakata utepe wa vidole vitatu, nikaufunga kwenye boriti ya baraza, nikatundika mtungi wa lita ishirini umejaa maji, nikaenda zangu. Asubuhi mtungi umekaa sakafuni umetulia kama mtu aliyefika kwake. Utepe haukukatika. Umenyooka! Umerefuka zaidi ya kiganja, umekuwa mwembamba katikati kama unga wa mandazi unaovutwa. Nikaushika, nikaubonyeza na kidole gumba. Kidole kikazama. Nikaukunja, upande wa juu ukafanya mikunjo midogo midogo kama shingo yangu mimi.

Ndipo nikajua. Ulipimia tumboni. Muuzaji alikukatia ubavu wa ng'ombe mpaka tumbo, na tumbo ni nene, ndiyo, lakini ni unene wa sifongo. Ng'ombe hujaza tumbo, hushiba, hubeba ndama, ngozi ya pale imezoea kutanuka tangu ikiwa hai. Itaacha kutanuka kwa sababu wewe umeiita mshipi?

Siku hiyo ni Alhamisi. Sikukuu ni Jumapili.

Nasimiyu akaja, akaona utepe umelala chini kama nyoka aliyepigwa. Akasema polepole, "Mama, malesh, si kitu. Tununue tu mwingine pale Jebel, tuuongeze uzi."

Tuuongeze uzi! Binti wa fundi! Nilimfukuza barazani. Lakini alipoenda nilikaa juu ya ndoo, na nitakwambia ukweli kwa sababu uko mbali na huwezi kunicheka usoni: machozi yalinitoka kidogo. Si ya ngozi. Nilimuona Lado kwenye lile benchi la nyuma, nikaona ni mimi ninayemrudisha pale.

Nikaanza kumtafuta baba yako kichwani. Miaka thelathini nilikaa naye kibandani pale stendi, yeye anakata, mimi nashona. Nikajiuliza, alikuwa anafanya nini akienda kwa muuzaji? Alitoa kiberiti, hilo nalijua, kila mtu anajua, ndilo nililowaambia ninyi watoto na ndilo ninalowaambia watu wa Mauna. Lakini kabla ya kiberiti? Nikafumba macho. Nikauona mkono wake. Wanjala, kidole gumba kilitangulia! Alikuwa anaitandika ngozi mezani, anatafuta ule mstari wa uti wa mgongo, halafu anabonyeza kutoka pale akishuka, anabonyeza, anabonyeza, kama daktari anayetafuta panapouma. Akifika mahali kidole kinazama, anachora chaki. Chini ya chaki hakutazama tena. Njiti zilikuja mwisho, juu ya chaki peke yake.

Miaka thelathini nilitazama njiti, sikutazama kidole. Nikakufunza wewe nusu.

Kwa hivyo kosa ni lako, lakini robo ni yangu. Robo. Usiongeze.

Nikaitandika ngozi yako tena, nikaanza kubonyeza kutoka ukingo wa juu. Na pale juu, Mungu ni mwema, muuzaji wako alikuwa amekata akala kidogo upande wa mgongo. Sehemu nyembamba, upana wa kiganja na nusu, ndefu kama kitanda. Ngumu. Kidole hakizami. Ukiikunja inakurudisha mkono. Nikachora chaki. Halafu nikatoa njiti.

Njiti moja na nusu.

Unaona matatizo? Mimi ndiye niliyewatangazia watu hapa kwamba mshipi chini ya njiti mbili ni kamba ya kiatu. Nilimrudishia kijana mmoja wa bodaboda mshipi wake mbele ya wenzake, nikamwambia nenda kamfunge nao mbuzi. Na sasa nimeshika njiti moja na nusu ya kumvalisha mkwe wangu, na upande ule mwingine kuna njiti mbili kamili zinazonyooka kama unga wa mandazi.

Akello akaja na chai, akasimama juu yangu. "Eh, Haboba. Wewe hapana sema kila siku mbili? Mbili, mbili, mpaka kuku yangu inajua kuhesabu. Leo imekuwa moja?"

"Moja na nusu," nikasema.

"Nusu iko wapi?"

"Nusu iko kwenye mgongo wa ng'ombe. Nipe chai, unyamaze."

Nikakata utepe wa vidole vitatu kutoka mgongoni, nikauning'iniza kwenye boriti ileile. Mtungi uleule. Nikakaa kuutazama kama mtu anayemlinda mgonjwa. Saa nne, haujashuka. Saa sita, nikapima kwa uzi, hata unene wa ukucha haujaongezeka. Nikaongeza kifurushi cha kuni za Akello juu ya mtungi. Akello akapiga kelele, chapati zake zitaiva na nini? Nikamwambia ziive na jua. Jioni nikapima tena. Utepe umekaa pale pale, kimya, kama baba yako akishaamua jambo.

Basi nikafanya kazi. Pale pa kushikia bizimu, ngozi inapojikunja kurudi nyuma, niliipunguza kwa kisu kidogo ili ikunjike bila kupasuka, halafu nikaishona mistari miwili kwa uzi uliopakwa nta. Kila tundu nilitoboa na shazia ya baba yako. Pale penye kulabu za ngoma nikaweka ngozi mara mbili, mgongo juu ya mgongo. Hapo ukipima ni njiti tatu, na mzigo uko hapo. Kwingine njiti moja na nusu inatosha. Unene hauhitajiki kila mahali, Wanjala. Unahitajika pale panapovutwa. Andika hilo ukutani.

Jumamosi Nasimiyu akaubeba mshipi umefungwa kwenye leso. Alirudi akasema, "Umemkaa tundu la tatu, Mama, katikati kabisa." Nikasema najua. Sikujua, lakini nikasema.

Jumapili nilivaa ile gauni ya samawati na kitambaa kichwani. Tulitoka kanisani hapa Mauna kwa miguu, kina mama nyuma, waimbaji katikati, ngoma mbele. Lado alitoka mlangoni na ngoma kiunoni. Ngoma ile ni kisiki, Wanjala, ukiipakata unaona goti linakufa ganzi. Vijana waliokuwepo mwaka jana wakaanza. Mmoja, kalelewa Eldoret, mdomo mrefu kama wa dereva, akapaza sauti: "Lado buda, leo ngoma inashukia mtaro upi? Tukungojee na ndoo?" Watu wakacheka. Nilimuona Lado anaushika mshipi kwa mkono mmoja, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa. Halafu akaanza kupiga.

Sikuimba. Watu wanaimba, mimi natazama kiuno cha mkwe wangu. Ndiyo, mimi, mama mkwe, Mungu anisamehe. Kila akiruka namuomba yule ng'ombe, popote alipo, ashike. Akello alikuwa kando yangu ananishika kiwiko. Tukafika kwenye mtaro uleule karibu na Nyakuron. Mwaka jana mshipi ulikatika akiwa anakanyaga jiwe la kuuvukia. Mwaka huu wenye mdomo wamejipanga ukingoni kungojea. Lado akawaona. Nikadhani atapita polepole kama mtu mwenye akili.

Akarudi nyuma hatua tatu, akauruka! Na ngoma yote! Ilipaa mbele yake, ikashuka, ikaugonga mshipi kwa nguvu mpaka nikausikia mimi mwenyewe tumboni, na mkono wake haukukosa pigo hata moja. Mshipi ukashika. Suruali ikakaa. Kina mama wakapiga vigelegele, na yule wa mdomo mrefu akaruka nyuma yake, akaingia mtaroni hadi magotini.

Wanjala, nilicheza. Nilicheza mpaka Nyakuron, na kule nikacheza tena. Akello ananiuliza, "Haboba, magoti ya kulia-kulia imebaki nyumbani?" Nikamwambia nimekuachia wewe.

Baada ya maombi nilikuwa nimekaa na kina mama. Nikaona watu wanapisha. Lado amesimama hatua kama kumi kutoka kwangu, ngoma bado kiunoni, jasho linatiririka. Nikavuta kitambaa usoni kama inavyotakiwa. Hakusogea, hakunyoosha mkono, anajua mila zetu kuliko vijana wengi wa Bungoma. Aliinama. Halafu akapiga ngoma mara moja, na kwa kiganja akaupiga ule mshipi mara mbili, pa, pa. Akageuka akaenda zake. Nilikaa nyuma ya kile kitambaa muda mrefu, na kililowa, na usimwambie mtu.

Jumatatu asubuhi wapiga ngoma watano walikuwa wamepanga foleni barazani, wanazuia wateja wa chapati. Yule wa mdomo mrefu yuko mbele. Nikamwambia avue mshipi wake nimwonyeshe kitu. Nikaupasua kwa kisu, ndani boksi. Nikamuuliza, hili lilikuwa boksi la sabuni ama la biskuti? Akasema, "Haboba, niko chini ya miguu yako. Nitengenezee kama ya Lado." Nikasema kwes, vizuri, lakini utangoja, maana ngozi inategemea mwanangu mmoja mwenye vidole visivyobonyeza. Wanataka kabla ya Krismasi.

Ile ngozi ya tumbo sikuitupa. Nimemshonea Akello vishikio vya sufuria na mfuko wa sahani zake. Inanyooka vizuri kwa kazi hiyo.

Nisalimie Nekesa, mke wako, mwambie asali ya kikohozi iko njiani. Nisalimie dada yangu Naliaka, mwambie mimi bado ndiye mzuri kwa kucheza kati yetu wawili. Msalimie shemeji yangu Simiyu, mdogo wa baba yako, na umwambie kile kidole gumba cha kaka yake nimekikumbuka, ataelewa. Wajukuu wangu wabusu kila mmoja peke yake, si wote kwa pamoja kama unafunga magunia. Nasimiyu anawasalimu. Lado anawasalimu kwa kupitia Nasimiyu, kwa kupitia mimi.

Mungu awaweke.

Ni mimi mama yako aliyekuzaa,
Mama Nasimiyu

Bado sijamaliza. Chini ya furushi hili lililobeba barua kuna kitu kimefungwa kwa gazeti. Ile sehemu ya mgongo ilitoa mshipi wa Lado, na pembeni ikabaki ukanda wa vidole viwili. Yule wa mdomo mrefu aliulilia, nikamkatalia. Ni wako. Sikuhitaji uzi wa kukupima, kiuno chako nakijua tangu kilipotoshea kwenye beseni, na nimeacha matundu mawili ya ziada kwa sababu Nekesa anapika vizuri.

Uvae kesho asubuhi, uende kwa yule muuzaji. Ukifika, uvue, uuweke mezani kando ya ngozi yake. Mwambie aitandike yote, mgongo mpaka tumbo. Suruali ishike kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine bonyeza, kuanzia mgongoni ukishuka, mpaka kidole kizame. Chora chaki hapo, nunua ya juu peke yake, usiikunje, izungushe kama mkeka, na uitume na lori la Ijumaa.